Anaomba Kopa

Mwinyimvua alikuwa mtu wa karata tangu ujana wake, ila si zile za kibarazani za kutupiana maneno na kugombana. Yeye alipenda za kucheza peke yako kwenye kompyuta: unaweka kopa juu ya shupaza, uru juu ya pau, unashuka nazo moja moja mpaka meza yote inabaki tupu. Alijifunzia dukani kwa Devendra, pale Kariakoo alipokuwa akichukua majora ya vitambaa vya mapazia. Devendra alikuwa akimwambia, "Kaa, Mwinyi, mzigo unakuja," na mzigo wenyewe hauji, na kompyuta ipo kaunta haina kazi. Sasa mtu unafanyaje? Unapanga karata. Ukishindwa, umeshindwa kwa uzembe wako. Ukishinda, karata zinarukaruka kwenye kioo kama zimepagawa, nawe unacheka peke yako. Na katika yote hayo hakuna aliyekudai hata senti tano.

Kompyuta ile ikafa. Devendra akanunua nyingine ambayo haikujua kitu zaidi ya kutoa risiti. Ndipo Salma, binti yake Mwinyimvua, alipomwonea huruma baba yake akamwekea mchezo wa karata kwenye simu.

Huo mchezo wa kwenye simu nauelezaje bila kutukana? Kwanza unapewa makopa matano, yale ya alama ya moyo, na kila ukishindwa unanyang'anywa moja. Yakiisha, hakuna kucheza. Usubiri yaote upya kama kucha, au ununue, au uombe. Umekosea karata unataka kuirudisha? Lipa. Zimebaki karata mbili tu umalize, na ile unayoihitaji imelaliwa chini kabisa? Lipa uipindue. Na hata hapo unapolipa, wanakukatia katikati na tangazo la kubeti, au la mwanamke anayezama majini anakuomba umwokoe kwa kuvuta pini, na alama ya kufunga tangazo wameifanya ndogo kuliko chawa. Kiswahili cha mchezo chenyewe kilikuwa cha mashine, cha kuokotaokota. "Wewe umeshindwa vizuri," kinakwambia. "Nunua tumaini." Wallahi hivyohivyo, nunua tumaini.

Mwinyimvua aliusonya mchezo huo kila siku na kila siku akaucheza. Biashara ilikuwa imelala, na kukaa dukani Mtaa wa Sikukuu kutwa nzima unatazama mapazia yako mwenyewe ni kazi ya kumtia mtu wazimu. Isitoshe, kichwani alikuwa na jambo, na karata zilimsahaulisha.

Jambo lenyewe ni hili. Salma alikuwa ameposwa. Kijana anaitwa Twaha, mtu wa Kigamboni, na wazee wake walishatuma neno kwamba Jumapili wanavuka na barua ya posa. Sasa kwa kina Mwinyimvua, baba wa binti hapokei posa mwenyewe. Siku hiyo baba anajifungia chumbani kama hayupo, na anayekaa sebuleni kuulizwa na kujibu ni baba mkubwa. Ndivyo alivyoposwa mama yao, ndivyo walivyoposwa dada zao. Na Salma baba mkubwa anaye. Anaitwa Bakili, yupo Buguruni, anauza vipuri vya magari, mzima wa afya. Tatizo ni kwamba Bakili na Mwinyimvua hawakuwa wakisemezana.

Walikosania msibani. Mama yao alipofariki, Mwinyimvua alikuwa Lindi, mvua zimekata barabara, magari yamelala njiani. Akapiga simu: "Kaka, nisubirini nimwone mama." Bakili akasema wataona. Hawakusubiri. Alipofika Buguruni, suruali imejaa matope mpaka magotini, alikuta watu wananawa mikono na masinia ya wali yanapita. Akasimama palepale mlangoni akasema mbele ya kila mtu, "Umemzika mama yangu kama umemwiba. Kuanzia leo mimi sina kaka." Bakili hakuinuka. Alisema, "Mmemsikia," akaendelea kula. Ukiniuliza nani mwenye kosa sitakujibu, maana wote wawili ni vichwa vigumu waliotoka tumbo moja. Tangu siku ile wakikutana msibani kila mtu na jamvi lake.

"Baba Salma," mkewe Moza alimwambia wiki ile, "Jumapili nani anakaa sebuleni?"

"Nitapata mtu."

"Mtu gani? Mtoto ana baba mkubwa hai, anakula, anatembea. Tukaokote mtu barabarani?"

"Anitafute yeye. Aliyezika ni yeye."

Moza akasonya akarudi jikoni. Lakini usidhani Mwinyimvua alikuwa hataki. Alikuwa anataka mpaka anaumwa. Alichotaka ni dalili tu, kitu kidogo cha kumwonyesha kwamba Bakili naye anamkumbuka, maana mtu uliyemkana mbele ya waombolezaji huwezi kumrudia mikono mitupu.

Na dalili ikaja. Ilikuwa mchana, ametoka kuswali adhuhuri, makopa yake yote yameisha, mchezo umemwambia asubiri au alipe. Mara kioo kikawaka rangi nyekundu: "Bakili amekutumia kopa. Yeye anakukumbuka." Pembeni ipo picha, na si Bakili mwingine, ni yeye, na kofia yake nyeupe, na lile jicho moja analolifinya akipigwa picha.

Mwinyimvua akaifunika simu juu ya kaunta. Akaja mteja kuuliza pazia, akamtajia bei ya kununulia badala ya bei ya kuuzia, mteja akalipa haraka akaondoka kabla hajazinduka. Akaifunua simu tena. Kopa lilikuwa bado lipo.

Jirani yake wa duka, Uledi, muuza mashuka, aliitwa kuja kutazama. Uledi ni mtu wa kujua kila kitu. Akaivuta simu karibu na pua.

"Kopa ni kopa, bwana," akasema. "Mtu aliyekununia hawezi kukutumia kopa."

"Huu si mchezo tu?"

"Mchezo, sawa. Lakini simu ya kaka yako ina watu wangapi? Kwa nini akuchague wewe?"

Hoja hiyo ilimwingia Mwinyimvua ikakaa. Kesho yake likaja kopa jingine. Keshokutwa jingine. Siku ya nne likawahi alfajiri, na yeye akajiambia kaka amelituma akiwa anajiandaa kwenda msikitini. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, akawa anangoja kopa kama kijana aliyepata mchumba juzi.

Naye alitaka kujibu. Hapo ndipo washenzi wale walipomkamata. Kutuma kopa kunataka uwe nalo, na ukiwa nalo unalichezea linakwisha, basi ununue. Kulikuwa na kifurushi maalumu, wamekiita "Kifurushi cha Undugu", unanunua makopa mengi kwa mpigo na unamtumia umpendaye. Akanunua. Akatuma. Kilipokwisha akanunua tena, na hela yenyewe ikawa ile ya chakula cha mchana, akashinda kwa chai na andazi. Na kila makopa yake yalipokwisha, mchezo ulimuuliza, "Tumwambie Bakili?" naye akabonyeza ndiyo. Kwa nini asibonyeze? Ndugu anaomba kwa ndugu yake.

Nyumbani hakusema kitu. Lakini ukicheka na simu ndani ya nyumba yenye mke, habari haifichiki. Alhamisi Moza alichungulia begani kwake akakiona kioo kimejaa alama za moyo.

"Nani huyo anakutumia makopa?" aliuliza, sauti chini kabisa, ile ya hatari. "Mimi nahangaika na posa ya mwanao, wewe unatumiwa makopa?"

"Ni kaka Bakili."

Moza akaichukua simu mwenyewe. Akasoma, akarudia. Picha aliitambua, na jicho la kufinya alilitambua. Akakaa kitandani akajifuta uso kwa pindo la khanga.

"Anaanza yeye, na yeye ndiye mkubwa," akasema. "Unangoja nini? Mfuate. Mambo ya posa hayazungumzwi kwa simu."

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, Mwinyimvua alifunga duka, akachukua bajaji mpaka Buguruni. Njiani alikuwa akipanga maneno. Kwanza amwombe radhi kwa lile alilolisema mlangoni, bila kuzungukazunguka. Pili amwambie kuhusu Jumapili. Maneno mengine yangekuja yenyewe.

Bakili alikuwa kwenye kibanda chake cha vipuri, na mbele yake kwenye benchi wamekaa wazee wenzake wa msikitini. Alipomwona mdogo wake akasimama. Mwinyimvua hakumbuki mara ya mwisho kaka yake kumsimamia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu. Karibu hapa, kaa kwenye kiti changu." Akawageukia wale wazee. "Huyu ndiye mdogo wangu niliyewaambia."

Wazee wakamwitikia kwa upole, kwa sauti za kutazama mgonjwa. Mwinyimvua alidhani ni heshima.

"Nilijua utakuja," Bakili akasema. "Nilimwambia shemeji yako, mwacheni, atakuja kwa miguu yake."

"Nimechelewa, kaka. Unisamehe."

"Usiseme hivyo. Zimefika zote. Kila siku naziona."

"Na mimi nimeziona zako."

Bakili hakulisikia vizuri hilo, au hakulijali, maana na yeye alikuwa na yake ya kutoa. Akavuta kigoda akakaa karibu, magoti yanagusana. "Sikufichi. Mwanzoni nilikasirika. Nikasema, mtu aliyenikana mbele ya watu, leo ananikumbuka? Mwache kwanza. Lakini ikaja tena, ikaja tena. Mimi nimekubeba mgongoni, Mwinyi. Ningekaa kimya mpaka lini?"

Bakili akajifuta machozi kwa kofia yake. Mwinyimvua akamshika mkono, na mkono ule haukuvutwa. Yule mwanamume aliyekuwa na donge la chuki kifuani kwa miaka yote ile alilisikia likiyeyuka, akataka kusema, nisamehe kwa mama, akafungua kinywa. Laiti angelisema hapohapo.

Lakini Bakili alishaingiza mkono kwenye droo. Akatoa bahasha ya kaki, imevimba, akamwekea juu ya paja.

"Si nyingi. Mimi, shangazi, na hawa wazee unaowaona, tumechangishana. Malizana na hao watu, halafu ufute kila walichokuwekea kwenye simu. Hii mikopo ya mtandaoni imeshazika wengi."

Mwinyimvua akaitazama bahasha. "Watu gani, kaka?"

"Hao waliokukopesha. Hao wanaonitumia meseji."

Bakili akatoa simu, akamfungulia. Meseji zilikuwa zimepangana kutoka juu mpaka chini, zote za aina moja, na mwandishi wake ni ile mashine yenye Kiswahili cha kuokoteza: "MWINYIMVUA anaomba kopa. Msaidie sasa. Usimwache peke yake." Kila alichobonyeza Mwinyimvua kule Kariakoo, kiwe cha kuomba au cha kutoa, hata vile alivyovilipia kwa chakula chake cha mchana, huku Buguruni vilifika hivyohivyo. Anaomba kopa. Na wewe uliyezoea kuona mikopo ya simu ikiwatumia meseji ndugu wote wa mdaiwa, ungelisomaje neno hilo? Bakili alilisoma kama ambavyo ungelisoma wewe.

Ndipo Mwinyimvua akaelewa kwa nini shangazi alimpigia juzi kumuuliza kama nyumbani wanakula.

"Kaka, hapana," akasema. "Hili ni kopa la karata. Hii alama ya moyo. Ni mchezo. Sikopi mimi."

"Kopa la karata?"

"Ndiyo. Na wewe si ndiye uliyeanza kunitumia? Tazama." Akafungua simu yake, tangazo likatokea kwanza, la kubeti, wote wakalingoja liishe. Aibu iliyoje kungoja tangazo mbele ya watu. "Tazama. Bakili amekutumia kopa. Jana. Juzi. Kila siku."

Bakili akaishika simu mbali na uso, kama wanavyosoma watu wa umri wake.

"Mimi?" akasema. "Mchezo huu niliuweka siku moja nangoja dawa hospitali. Ukanichosha na matangazo yake, nikaufuta kabla sijaitwa dirishani. Sijakutumia kitu mimi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Labda wanatuma wenyewe, ili ucheze."

Mzee mmoja kwenye benchi akatoa pumzi ya kicheko kwa pua, halafu akakohoa kuifunika. Bakili alimsikia. Mwinyimvua pia alimsikia. Na kama kuna kitu kilichoharibu mchana ule kuliko mashine na Kiswahili chake, ni ile pumzi.

Uso wa Bakili ukafunga. Alikuwa amelia mbele ya wenzake kwa ajili ya mdogo wake masikini, na sasa masikini mwenyewe hayupo. "Kwa hiyo huna shida," akasema.

"Sina shida."

"Na hukuwa unanitafuta."

Jibu lilikuwepo. Nilikuwa nakutafuta, kila kopa nimelitoa mfukoni mwangu, nimeshinda na andazi kwa ajili yako. Lakini lisemwe vipi, mtu mzima, mbele ya benchi la wanaume waliotoa sadaka zao juu yako? Mwinyimvua alijiona alivyo: ameketi kwenye kiti cha watu, na bahasha ya huruma pajani, na simu mkononi yenye mioyo myekundu. Akaichukua bahasha akaiweka juu ya meza ya Bakili, polepole, asionekane ameitupa. Ikaonekana ameitupa.

Bakili akaitazama pale ilipotua. "Basi kama huna shida," akasema, "umefuata nini?"

Kilichotakiwa ni sentensi moja. Salma anaposwa Jumapili, njoo ukae sebuleni. Hata nusu yake ingetosha. Bakili alikuwa amesimama hajakaa, jicho lile moja limefinyika, na Mwinyimvua, anayemjua kaka yake tangu wanalala mkeka mmoja, aliona kabisa kwamba anangoja kuambiwa. Aliona, na bado ulimi ukamgomea.

"Nilikuwa napita tu," akasema.

"Haya. Karibu tena."

Nyumbani Moza hakuhitaji kuuliza mara mbili. "Hatakuja," Mwinyimvua alisema, akaenda kuoga. Jumamosi akamwomba Uledi akae sebuleni badala ya Bakili. Uledi akafurahi, akanyoosha kanzu. Wakakubaliana kwamba akiulizwa habari za baba mkubwa, aseme amesafiri, basi.

Jumapili wazee wa Kigamboni wakafika, watu wa adabu zao, wamekaa vizuri, sharubati imepita. Mwinyimvua alikuwa chumbani nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, Moza pembeni yake, Salma kwenye chumba cha pili na shoga zake. Msemaji wao, mzee mwenye sauti nzito, akakohoa akaanza.

"Tumekuja kwa heri. Kwanza tumjue tunayezungumza naye. Wewe ndiye baba mkubwa wa binti?"

"Mimi ni jirani wa baba yake, kule dukani," Uledi akasema. Kwenye hilo alijitahidi. "Baba mkubwa amesafiri."

Wazee wakanong'onezana.

"Amesafiri," msemaji akarudia. "Basi sisi hatuna haraka. Barua tunayo, tutarudi nayo tumngoje. Jambo la kheri linataka wenyewe. Anarudi lini?"

Nyuma ya pazia Moza alimshika mumewe mkono akaubana. Salma, kule chumba cha pili, alikuwa ameacha kuongea. Uledi, yule mjua kila kitu, akahangaika kwenye kiti, akaona barua inakunjwa kurudi mfukoni.

"Harudi," akasema. Halafu akaona amelianza, hana budi kulimaliza. "Nina maana, ametangulia mbele ya haki."

"Inna lillahi," wakasema wazee, wote kwa pamoja, kwa huzuni ya kweli. "Poleni sana. Hatukuwa na habari."

Mwinyimvua akapiga hatua kuelekea pazia, akasimama. Akitoka, posa ya mwanawe imevunjika, na Uledi amekuwa mwongo mbele ya wageni. Tena atoke aseme nini? Kwamba kaka yupo hai Buguruni, na nilimfuata juzi, nikashindwa kumwambia?

"Kabla ya lolote," msemaji akasema, "tumsomee Fatiha marehemu. Anaitwa nani?"

"Bakili," Uledi akajibu.

Sauti nzito ikaanza kusoma, pole na vizuri, kwa ajili ya Bakili aliyekuwa wakati huohuo kwenye kibanda chake anauza vipuri. Moza alimwachia mumewe mkono. Alimtazama tu. Na walipofika mwisho, Mwinyimvua, ambaye kwa miaka yote alinung'unika kwamba hakungojwa kwenye mazishi, aliinua mikono yake nyuma ya pazia, akaitikia amina.